MIZANI YA DAMU NA MADAI YA MAJI YA ALKALI

Suali tuliloletewa na baadhi ya wanafunzi wa darsa letu, na ambalo twajua lazungumzwa pia mabarazani na majumbani, ni hili: Yako maji yauzwayo kwa chupa na madumu, na ziko mashine za kuyatengeneza, na wenye kuuza husema ya kwamba maji hayo ni ya "alkali", na kwamba mtu akiyanywa damu yake nayo hugeuka ikawa ya alkali, na damu ikisha kuwa hivyo maradhi hayana pa kukaa: si saratani, si sukari, si shinikizo la damu. Je, maneno haya ni kweli? Na ikiwa si kweli, yana madhara gani, maadamu ni maji tu?

Twajibu kwa ufupi kwanza, kisha tutaeleza. Maneno hayo si kweli. Na madhara yake hayamo katika maji yenyewe, bali yamo katika kile anachokiacha mtu kwa kuyategemea: sindano ya insulini iliyowekwa kando, uvimbe ambao haukuonyeshwa kwa daktari mapema, mtoto mwenye kuhara ambaye hakupelekwa hospitali kwa wakati. Ama sababu ya kutotosheka na jibu fupi ni kuwa mtu aambiwaye "ni uongo" pasi na kuonyeshwa dalili, hana la kumjibu muuzaji wa pili atakapokuja na maneno matamu zaidi. Basi na tuanze katika asili ya mambo, nayo ni maji.

MAJI NI KITU GANI?

Watu wa kale waliyahisabu maji kuwa ni asili isiyogawanyika. Leo yajulikana kwamba chembe moja ya maji, iitwayo molekuli, ni mkusanyiko wa atomu mbili za haidrojeni na atomu moja ya oksijeni. Atomu hizi hazikupangwa katika mstari ulionyoka. Zimepinda mfano wa mkono uliokunjwa, oksijeni ikiwa penye kiwiko na haidrojeni mbili zikiwa kwenye ncha. Na oksijeni ina tabia ya kuuvuta umeme upande wake. Kwa hivyo molekuli ya maji, ijapokuwa kwa jumla haina umeme, upande wake mmoja una umeme hasi kidogo, na upande wa pili una umeme chanya kidogo.

Jambo hili dogo ndilo asili ya faida nyingi za maji. Chumvi tunayotia chakulani ni sodiamu na klorini zilizoshikana kwa nguvu za umeme. Ukiitia majini, molekuli za maji huizunguka sodiamu kwa upande ulio hasi, na huizunguka klorini kwa upande ulio chanya, zikaziachanisha moja moja hata chumvi isionekane tena. Mafuta hayana pande hizo, ndipo yakaelea juu ya mchuzi. Nasi damu yetu sehemu kubwa ni maji, na mwili wa mwanamume mzima, karibu sehemu 60 katika 100 za uzani wake ni maji. Chumvi, sukari na tindikali zote za mwili husafiri zikiwa zimeyeyuka humo.

Kuna jambo la pili, nalo ndilo mlango wa maneno yetu. Molekuli chache za maji hazikai zimeshikana. Moja huachilia haidrojeni yake, ikawa ni ioni ya haidrojeni yenye umeme chanya. Na kilichobaki, yaani oksijeni na haidrojeni moja, huwa ni ioni yenye umeme hasi iitwayo haidroksidi. Katika maji safi kabisa yenye joto la digrii 25, kwa kila molekuli milioni 550 hivi, ni moja tu iliyogawanyika. Ni kidogo mno. Lakini uchache huo usikudanganye, ndugu msomaji. Ioni ya haidrojeni hushika kila mahali penye umeme hasi, na protini za mwili wetu zimejaa mahali kama hapo. Ioni hizi zikizidi au zikipungua, protini hubadilika umbo, na protini iliyobadilika umbo haifanyi tena kazi yake kama ipasavyo. Nao moyo unaopiga, misuli inayovuta, na damu inayobeba oksijeni, vyote hutenda kwa protini.

TINDIKALI NA ALKALI

Kitu kikitiwa majini kikazidisha ioni za haidrojeni, chaitwa tindikali, au asidi. Ndimu, siki, ukwaju na maziwa ya mtindi vyote vina tindikali, na ule uchachu tunaouonja ni wa ioni hizo. Na kitu chenye kuzipokea ioni hizo na kuzipunguza chaitwa besi. Na besi iyeyukayo majini ndiyo alkali. Maji ya jivu, magadi, sabuni, na chokaa ya kulia tambuu, ni katika alkali. Neno lenyewe ni la Kiarabu, al-qali, nalo ni jivu la mimea ya nchi za chumvi ambayo watu wakiichoma ili wapate kitu cha kufanyia sabuni na kioo. Kutoka Kiarabu likaingia katika lugha za Wazungu, kisha likaturudia sisi likiwa limebandikwa kwenye chupa ya maji kana kwamba ni jambo jipya.

Kila mwanamke wa pwani ameziona tindikali na alkali zikishindana, ijapokuwa hakuziita kwa majina hayo. Mchuzi wenye bizari ya manjano ukidondokea kanzu nyeupe, doa lake huwa la manjano. Likipakwa sabuni, mara hugeuka likawa jekundu lenye kahawia. Likikamuliwa ndimu, hurejea kuwa la manjano. Hapana uchawi hapo. Rangi ya bizari hubadilika kwa alkali: sabuni imeziondoa ioni za haidrojeni, na ndimu imezirudisha. Karatasi ya litmasi wanayoitumia wauzaji kuwastaajabisha wateja ni ya kanuni hiyo hiyo.

Mwaka 1909 mtaalamu wa Denmark aitwaye Søren Sørensen, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, aliweka kipimo cha kuzihisabu ioni hizo, nacho ni pH. Kwa kawaida huhisabiwa kutoka 0 hadi 14. Maji safi yapo katikati, kwenye 7. Kilicho chini ya 7 ni tindikali, na kilicho juu yake ni alkali. Yapasa kushika mambo mawili. La kwanza, kadiri namba inavyoshuka ndivyo tindikali inavyozidi. La pili, kila hatua moja ni mara kumi: kitu cha pH 5 kina ioni za haidrojeni mara 10 kuliko cha pH 6, na mara 100 kuliko cha pH 7. Kwa kipimo hiki, maji ya ndimu ni karibu 2, siki ni karibu na 3, maji ya bahari ni karibu 8.1, na maji ya Ziwa Magadi, hapa kwetu Kenya, hufika 10 au karibu yake. Lau alkali peke yake ingekuwa ni dawa ya kila maradhi, basi ziwa hilo lingekuwa ndilo hospitali kubwa ya Afrika.

DAMU HAIKUBALI KUPOTOKA

Damu itokayo moyoni kwenda mwilini, kwa mtu mwenye afya, hukaa baina ya 7.35 na 7.45. Utaona kuwa tayari ni ya alkali kidogo. Basi huyo aahidiye kuifanya damu yako kuwa ya alkali anakuuzia kitu ulichozaliwa nacho.

Na mpaka huu ni mwembamba sana. Ikishuka chini ya 6.8, au ikipanda juu ya 7.8, ni nadra mtu kuishi. Ili upate kuufahamu udogo wa kinacholindwa, zingatia kwamba katika damu ioni za sodiamu huzishinda ioni za haidrojeni kwa zaidi ya mara milioni tatu. Ni kama kulinda kokwa moja ya mtama katika ghala iliyojaa mchele, isizidi wala isipungue.

Na la ajabu ni kuwa mwili wenyewe hauachi kutengeneza tindikali, usiku na mchana. Wali tulao, mkate na mafuta, vikisha kuunguzwa mwilini ili vitupe nguvu, hutoa hewa ya kaboni dioksaidi, nayo ikikutana na maji huwa ni tindikali ya kaboni. Mtu mzima hutoa zaidi ya nusu kilo ya hewa hiyo kwa siku. Nyama, samaki na maharagwe huacha tindikali nyingine zenye nguvu zaidi, kama ile ya salfa, kwa kuwa protini zake zina salfa ndani yake. Na misuli ikikazwa sana kwa kukimbia au kubeba mizigo hutoa tindikali ya aina ya ile inayopatikana katika mtindi. Basi vipi damu haiharibiki kabla ya jua kuchwa? Jawabu ni kuwa inao walinzi watatu.

MLINZI WA KWANZA: BAFA

Mlinzi wa kwanza yumo ndani ya damu yenyewe, na wataalamu humwita bafa. Mfano wake ni mirengu ya ngalawa. Ngalawa ina mrengu kulia na mrengu kushoto. Upepo ukiilaza upande huu, mrengu wa upande huu huizuia. Ukiilaza upande wa pili, wa pili huizuia. Bafa nayo ina pande mbili: tindikali dhaifu, na besi iliyo mwenziwe. Ikiingia tindikali, besi huzipokea ioni zake. Ikiingia alkali, tindikali dhaifu hutoa ioni zake zikaipooza. Hapana mmoja kati ya hizo mbili aachiwaye kushinda.

Bafa iliyo mashuhuri katika damu ni ya tindikali ya kaboni na bikaboneti, na bikaboneti hii ni ile ile iliyomo katika magadi ya kupikia. Lawrence Henderson, mtaalamu wa Marekani, alieleza hisabu yake mwaka 1908. Katika afya njema, kwa kila fungu moja la tindikali ya kaboni na hewa yake iliyoyeyuka, damu huwa na mafungu 20 ya bikaboneti. Kwa nini akiba kubwa iwe upande wa besi? Kwa kuwa tindikali ndiyo adui wa kila siku. Hali kadhalika hemoglobini, ile protini nyekundu ibebayo oksijeni, hushiriki katika kazi hii, pamoja na protini nyingine na fosfati.

Nguvu ya bafa hudhihirika kwa hisabu. Chukua tindikali kali kiasi cha kuishusha lita moja ya maji safi kutoka pH 7 hadi pH 3, yaani kuzizidisha ioni za haidrojeni mara elfu kumi. Tia kiasi hicho hicho katika lita moja ya damu ya mtu ambaye mapafu yake yafanya kazi: bikaboneti itapungua kidogo, na pH itashuka kwa kama 0.02 tu. Maji yametekwa, na damu haikutikisika.

MLINZI WA PILI NA WA TATU

Lakini bafa ni akiba, na akiba ikitumiwa bila ya kujazwa huisha. Hapo ndipo yanapoingia mapafu na figo.

Bikaboneti ikipokea ioni ya haidrojeni huwa tindikali ya kaboni, na tindikali hii hugawanyika ikawa maji na hewa ya kaboni dioksaidi. Hewa hiyo hutolewa kwa pumzi. Ubongo huipima bila ya kuchoka: hewa ikizidi katika damu, pumzi huenda mbio na kwa kina, ikipungua, pumzi hutulia. Jaribu kuizuia pumzi yako, na ile dhiki itakayokulazimisha kupumua sehemu kubwa yatokana na kuzidi kwa hewa hii, wala si kwa kupungua oksijeni. Na kwa sababu hiyo twawatahadharisha vijana wetu wapiga mbizi: mwenye kuhema kwa nguvu mara nyingi kabla ya kuzama huitoa hewa hiyo kupita kiasi, akakosa onyo la mwili wake, na huenda akazimia chini ya maji pasi na kuhisi dhiki yoyote.

Mapafu hufanya kazi hii kwa dakika. Figo huifanya kwa saa na siku, lakini hufanya yale yasiyowezwa na mapafu. Tindikali ya salfa na mfano wake hazigeuki hewa. Hapana budi zitoke kwa mkojo. Figo huzitoa, huirudisha damuni bikaboneti iliyochujwa, na hutengeneza bikaboneti mpya badala ya ile iliyotumika. Ndiyo maana mtu ambaye figo zake zimedhoofika hurundikana tindikali katika damu yake, na daktari, akisha kuipima damu hiyo, huenda akampa vidonge vya bikaboneti kwa kiasi maalumu. Hiyo ni dawa ya ugonjwa uliojulikana, kwa kipimo kilichojulikana, na haifanani na dumu la maji linalouzwa kwa kila apitaye.

HISABU YA CHUPA MOJA

Sasa na tuyarudie yale maji. Tuseme chupa ni ya lita moja, nayo ina pH 9 kama ilivyoandikwa, na ndani yake hamna kitu ila maji na alkali kidogo ya kuyafikisha hapo. Mahali pa kwanza yanapotua ni tumboni, na tumbo lina tindikali ya haidrokloriki ambayo pH yake huwa 2 au karibu yake. Ukiihisabu alkali iliyomo katika lita nzima ya maji hayo, utaona kuwa yatosha mililita moja tu ya tindikali ya tumbo yenye pH 2 kuimaliza yote. Mililita moja ni sehemu ya tano ya kijiko cha chai. Basi mtu amebeba dumu, amelipa pesa zake, na jeshi lote alilolinunua limeshindwa na matone ishirini mlangoni.

Atasema muuzaji: "Na yakiwa yametiwa bikaboneti nyingi, je?" Twamjibu: hapo yatapooza tindikali ya tumbo kwa muda, na huenda mwenye kiungulia akapata nafuu kidogo, hatulikatai hilo. Lakini ile itakayovuka ikaingia katika damu, figo zitaitoa kwa mkojo. Na mwenye kufululiza kulamba magadi kwa vijiko ajue anakula sodiamu nyingi, jambo linalomdhuru mwenye shinikizo la damu. Na akizidisha mno, damu yaweza kupita mpaka wa juu, ikamletea mkakamao wa misuli na moyo kwenda kombo. Kuzidi kwa alkali nako ni ugonjwa.

Hila yao kubwa ni karatasi ya litmasi. Humwambia mtu aupime mkojo wake kabla ya kuanza maji, kisha aupime tena baada ya wiki, na rangi huwa imebadilika. Mtu hustaajabu, akaamini. Lakini alichokipima ni mkojo, si damu. Mkojo wa mtu mzima mwenye afya waweza kuwa popote baina ya 4.5 na 8, kwa kufuata alichokula na kunywa. Kubadilika kwa mkojo ni dalili kwamba figo zimetoa kilichozidi ili damu ibaki vile vile. Yaani ushahidi alioleta muuzaji wamshuhudia kinyume.

AMA SARATANI

Wasema pia kuwa saratani haiishi katika alkali, na hulitaja jina la Otto Warburg, mtaalamu wa Ujerumani aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1931. Ni kweli Warburg alionyesha kwamba seli za saratani huitumia sukari kwa njia ya uchachushaji na kutoa tindikali nyingi, hata kukiwa na oksijeni. Lakini maana yake ni kwamba uvimbe ndio unaoitoa tindikali inayouzunguka; na kilicho tokeo hakifanywi kuwa sababu. Moshi hutoka motoni, na mwenye kuupepea moshi hajauzima moto. Isitoshe, wataalamu wanapozikuza seli za saratani katika maabara, huziweka katika maji yenye pH karibu 7.4, sawa na ya damu, nayo ni alkali kidogo. Nazo humo hukua na kuzidi.

Wala si kwamba madhara ya dhana hii hayajapata kuonekana mahakamani. Huko California, Marekani, Robert O. Young, mtungaji wa vitabu vya kuieneza dhana hii, alikuwa akiwatia wagonjwa mishipani maji ya bikaboneti, na baadhi yao walikuwa ni watu wa saratani. Mwaka 2016 mahakama ilimtia hatiani kwa kutibu watu bila ya kuwa na leseni ya udaktari, na mwaka 2017 akahukumiwa kifungo. Mwaka 2018 baraza la wazee wa mahakama liliamua amlipe mgonjwa mmoja dola milioni 105, mwanamke aliyeacha tiba ya saratani ya matiti kwa kumtegemea yeye, mpaka ugonjwa ukaenea. Pesa zilihukumiwa, lakini wakati uliopotea hauna hukumu ya kuurudisha.

MIZANI INAPOVUNJIKA KWELI

Tusifahamike kuwa twasema damu kamwe haiingii tindikali. Huingia, na ikiingia ni jambo la hatari la saa chache, wala mtu hajiambii tu kuwa anayo kwa sababu amechoka au hana usingizi. Tutataja mawili ambayo kila nyumba yapasa kuyajua.

La kwanza ni kuhara. Maji ya utumbo yana bikaboneti nyingi, na mtoto anayehara sana huipoteza pamoja na maji na chumvi. Jambo hili lina historia. Kipindupindu kilipoingia Uingereza, kijana mganga wa Ireland, William O'Shaughnessy, aliichunguza damu ya wagonjwa katika mwaka 1831 na 1832, akaona imepungukiwa na maji, chumvi na alkali. Katika mwaka huo wa 1832 daktari Thomas Latta, huko Leith katika Scotland, aliwatia wagonjwa maji ya chumvi mishipani, na baadhi ya waliokuwa karibu na kufa wakainuka. Kisha mwaka 1968, mjini Dhaka, madaktari walithibitisha kwamba mgonjwa wa kipindupindu aweza kurudishiwa sehemu kubwa ya maji yake kwa kunywa tu, ikiwa maji yana chumvi na sukari ya glukosi kwa kipimo, kwani utumbo hufyonza chumvi pamoja na sukari.

Huo ndio unga wa ORS upatikanao leo katika zahanati na maduka ya dawa. Pakiti ya kipimo cha Shirika la Afya Duniani, ya kutiwa katika lita moja ya maji safi, ina gramu 2.6 za chumvi, gramu 13.5 za glukosi, gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu, na gramu 2.9 za sitrati ya sodiamu. Zamani mahali pa sitrati palikuwa na bikaboneti. Ikabadilishwa katika miaka ya 1980 kwa kuwa unga wa sitrati hukaa zaidi bila ya kuharibika. Na sitrati ni chumvi ya tindikali ile ile iliyomo katika ndimu na limau. Mwilini huunguzwa, ikaacha bikaboneti nyuma yake. Tazama basi: dawa ya kweli ya kuirudishia damu alkali yake imetokana na tindikali ya ndimu, nayo ni ya bei rahisi, na hapana ajisifuye kwayo mabarazani.

Pakiti ikikosekana, na itengenezwe nyumbani: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko sita vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vyote viwe vimesawazishwa. Chumvi isizidishwe. Mtoto apewe kidogo kidogo, na aendelee kunyonya na kula. Lakini akiwa macho yamemwingia ndani, ngozi ikifinywa yachelewa kurudi, amelegea au hawezi kunywa, au anapumua mbio na kwa kina, basi asingojewe hata saa moja: apelekwe hospitali. Pumzi ile ni mapafu yakijitahidi kuitoa tindikali baada ya bafa kushindwa.

La pili ni sukari. Mtu ambaye mwili wake umekosa insulini hawezi kuitumia sukari iliyomo katika damu yake, basi mwili huunguza mafuta kwa pupa na kutoa tindikali ziitwazo ketoni. Hupata kiu kali, hukojoa sana, hutapika, tumbo humwuma, pumzi yake huwa ya kina na ya haraka na hunuka kama tunda lililoiva kupita kiasi, kisha akili huanza kumpotea. Adolf Kussmaul, daktari wa Ujerumani, aliieleza pumzi hiyo mwaka 1874, na wakati huo haikuwa na tiba. Aliyefika hapo alikufa. Tangu mwaka 1922, ilipoanza kutumiwa insulini mjini Toronto, yatibika. Tiba yake ni insulini, na maji na chumvi kwa njia ya mshipa, chini ya mikono ya waganga. Aliyeambiwa aache sindano zake anywe maji ya alkali, ameambiwa ajivunjie mizani kwa mkono wake, huku akidhani anaitengeneza.

NENO LA MWISHO

Kwa muhtasari, yashikwe haya. Damu ya mwenye afya tayari ni ya alkali kidogo, na hulindwa na bafa, mapafu na figo. Maji tunywayo hayana uwezo wa kuipitisha mpaka wake. Kubadilika kwa mkojo si kubadilika kwa damu. Na mizani ikivunjika kweli, huvunjwa na kuhara, sukari, figo kushindwa na mfano wa hayo, na kila moja lina tiba yake inayojulikana.

Anayetaka kuyanywa maji hayo kwa kuwa ni maji, na pesa ni zake, hatumzuii. Lakini mwenye kuwaambia wagonjwa waache dawa zao, yapasa aulizwe mbele ya watu: Umeipima damu ya nani, na ilikuwa ngapi kabla, na ngapi baada? Aulizwe hivyo na akina mama jikoni, na vijana madrasani, na wazee barazani. Na mwenye mgonjwa nyumbani ambaye ameiacha dawa yake kwa maneno hayo, na amfuate leo kwa upole, amrudishe kwa daktari wake.